Simamisha Saa Kwanza

Umeufungua mchezo kwa mara ya kwanza. Ramani ya dunia imetanda kioo kizima, juu kuna safu ya tarakimu usizojua zinahesabu nini, na pembeni saa inakwenda. Kabla hujaelewa umeshika nchi gani, wiki tatu za Januari 1936 zimeshapita. Unabofya alama moja, linafunguka dirisha lenye vitufe arobaini. Unalifunga. Unafungua jingine, nalo ni hivyo hivyo. Baada ya nusu saa unazima kompyuta, na moyoni unasema huu ni mchezo wa watu wengine.

Usiufute bado. Nami niliuacha mara mbili kabla haujanishika, na sasa ni mwaka wa tano sijauchoka.

Nauzungumzia Hearts of Iron IV, mchezo wa Vita vya Pili vya Dunia uliotengenezwa na Paradox Development Studio ya Stockholm, Sweden. Ulitoka tarehe 6 Juni 2016, siku ya kumbukumbu ya majeshi ya washirika kutua Normandy. Ndani yake unashika karibu nchi yoyote iliyokuwa na serikali yake mwaka 1936: unajenga viwanda, unafundisha askari, unatunga sheria, unatandika reli, unarusha ndege, unapeleka meli. Hakuna anayeyajua hayo yote katika wiki ya kwanza, wala mwezi wa kwanza, na mchezo haukudai uyajue.

Kama umewahi kukaa barazani Zanzibar au Tanga watu wakicheza bao, unakumbuka mgeni anavyopokewa. Hafundishwi. Anaachiwa nafasi pembeni, anaangalia. Siku za mwanzo anaona mikono tu na kete zinazohama. Kisha anagundua kwamba kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi za kunamua, kwamba lile shimo la mraba ni nyumba na lina sheria zake, kwamba zikiisha kete za mkononi unaingia mtaji na hapo mambo yanabadilika. Kila jioni anaondoka na jambo moja. Bao lina mashimo 32 na kete 64 tu, na wapo wazee wanaolicheza tangu ujana wao na bado linawashangaza. Ingia kwenye mchezo huu kwa mwendo huo. Chukua jambo moja kwa jioni moja, mengine yaache yapite mbele ya macho yako kama ile mikono ya wazee.

Jambo la jioni ya kwanza ni kusimamisha saa. Kitufe kirefu kilicho chini kabisa ya kibodi, kile cha kuachia nafasi kati ya maneno, ndicho kinachoisimamisha na kuiendesha tena. Wageni wengi wanaona haya kukitumia, wanadhani ni udanganyifu, au wanadhani mchezaji hodari ni yule anayekimbizana na saa. Ukicheza peke yako hakuna anayekukimbiza. Maagizo yote yanapokewa saa ikiwa imesimama: unaweza kupanga viwanda, kuhamisha jeshi zima, kusoma kila dirisha, kwenda kunywa chai na kurudi, na dunia itakuwa inakusubiri saa ileile ya siku ileile. Mwendo wa saa nao una ngazi tano. Mwezi wa kwanza usivuke ya tatu. Saa yangu mimi mpaka leo husimama muda mrefu kuliko inavyokwenda.

Saa ikiwa imesimama, chukua kishale cha kipanya ukiweke juu ya tarakimu yoyote, usibofye. Subiri. Kitatokea kijisanduku cha maelezo kinachoonyesha tarakimu ile imetoka wapi: kilichoongeza, kilichopunguza, na kwa kiasi gani. Hapa ndipo raha ya mchezo huu ilipojificha, na ndipo wengi wanapopita bila kuangalia. Karibu kila kinachotokea kwenye ramani kina sababu, na sababu imeandikwa mahali unapoweza kuisoma. Divisheni imesimama? Ipo sababu. Bunduki hazitoshi? Ipo sababu. Siku utakapoanza kuuliza kwa nini na kwenda kutafuta jibu mwenyewe, utashangaa jogoo anawika nawe bado umekaa.

Mchezo hauna Kiswahili, kwa hiyo weka daftari kando. Kila neno jipya liandike, kisha ulipe jina lako mwenyewe unaloweza kulitamka bila kufikiri. Kila divisheni, kwa mfano, ina mistari miwili midogo kwenye kibao chake. Wa kijani unaonyesha mpangilio wa kikosi, yaani uwezo wake wa kuendelea kupigana kabla ya kulazimika kurudi nyuma. Wa rangi ya chungwa unaonyesha watu na silaha zilizobaki. Mimi nauita wa kwanza pumzi na wa pili mwili, na tangu siku nilipoyaandika maneno hayo mawili sijawahi kuchanganya tena. Kikosi kilichoishiwa pumzi kinarudi nyuma hata kama mwili wake ni mzima, na kikipumzika pumzi inarudi. Mwili haurudi kwa kupumzika. Unarudi kwa watu wapya na bunduki mpya kutoka kiwandani. Ukilishika hilo, theluthi ya vita vyote vya nchi kavu umeshaielewa.

Sasa nchi ya kuanzia. Mchezo wenyewe una somo lake la utangulizi, nalo linakukabidhi Italia ikiwa katikati ya vita na Ethiopia. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hapa pana jambo zito, na sitaki tulipite mbio. Majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia tarehe 3 Oktoba 1935 bila kutangaza vita. Ndege zao zilimwaga gesi ya sumu juu ya askari na juu ya raia. Addis Ababa iliangukia mikononi mwao tarehe 5 Mei 1936, na mwishoni mwa Juni Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia akasimama Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa kueleza waliyotendewa watu wake. Kwenye ramani ya mchezo hayo yote ni vibao vidogo vinavyosogea. Watengenezaji waliamua kutoonyesha mauaji ya halaiki wala kambi za mateso za enzi ile, na nadhani waliamua vyema, kwa kuwa mambo yale hayafai kuwa kitufe cha kubofya. Lakini uamuzi huo unakuachia wewe kazi ya kukumbuka. Soma habari za vita vile pembeni ya mchezo. Ukimaliza somo la utangulizi, ondoka kwenye kiti cha Italia.

Hata hivyo lifanye somo lenyewe, jioni moja tu, kwa ajili ya kuzoeza mikono. Nikuambie yaliyonipata hapo, maana yaelekea yatakupata nawe.

Niliona nina divisheni nyingi, adui hana kifaru hata kimoja, nikazirundika karibu zote Eritrea. Nikachora mstari wa mbele, nikachora mshale mrefu kuelekea kusini, nikaachia saa. Siku za mwanzo zilisonga. Baadaye zikaanza kusimama moja moja milimani, na mistari yao ya kijani, badala ya kujaa wakati wa mapumziko, ikabaki mifupi vilevile. Mistari ya rangi ya chungwa ikaanza kupungua hata pale ambapo hapakuwa na mapigano. Nilidhani mchezo umeharibika. Nikaongeza divisheni nyingine nne. Hali ikawa mbaya zaidi.

Nikasimamisha saa, nikaweka kishale juu ya kikosi kimoja, nikasoma. Ugavi. Nikafungua ramani ya ugavi, ile inayoipaka nchi rangi kulingana na chakula, risasi na mafuta yanayofika. Picha nzima ikawa wazi: mzigo wa jeshi lote ulikuwa unapita kwenye mdomo mmoja, bandari ya Massawa, na kadiri unavyoiacha bandari ndivyo rangi inavyogeuka kuwa mbaya. Divisheni zangu mpya zilikuwa midomo mipya kwenye sahani ileile. Nikaondoa nusu yake. Waliobaki wakashiba, pumzi zikajaa, na jeshi dogo likavuka milima iliyolishinda jeshi kubwa.

Baadaye nikasoma historia nikakuta jambo hilohilo. Jenerali De Bono, aliyeongoza uvamizi mwanzoni, alikwenda polepole kwa kuwa alikuwa anajenga barabara nyuma yake. Mussolini akakosa subira, akamwondoa Novemba 1935 akamweka Badoglio, naye akatumia wiki nyingi akiandaa akiba kabla ya kusukuma kwa nguvu. Kwenye vitabu nilikuwa naviruka vipande vya namna hiyo kwa kuviona havina damu. Sasa ndivyo ninavyovitafuta.

Kwa hiyo, ukitaka fani moja tu ya kuijua vizuri, iwe ugavi. Mzigo unatoka mji mkuu wa nchi, unapita relini au kwa meli, unafika kwenye bohari, na kutoka bohari unasambazwa kwa malori au farasi hadi kwa askari. Kila kiungo kina kikomo. Reli nyembamba inapitisha kidogo, bandari ndogo inapokea kidogo, nchi isiyo na barabara inameza njiani. Kabla ya kushambulia popote, fungua ramani ile uangalie bohari iliyo karibu ni ipi na yako ya pili itakuwa wapi. Mshale wako uelekeze kwenye bohari ya adui, maana ukiikamata wewe unakula na yeye analala njaa. Tahadhari moja: mfumo huu wa reli na bohari uliingia kwenye mchezo Novemba 2021. Ukitafuta video za mafunzo mtandaoni, za kabla ya hapo zitakueleza ugavi ambao haupo tena.

Suala la fedha nalimaliza hapa. Nunua mchezo wa msingi peke yake, tena subiri punguzo, kwani hupunguzwa bei mara kadhaa kwa mwaka. Nyongeza zake ni nyingi na bei zake zikijumlishwa zinatisha, na kila moja inakuletea madirisha mapya ambayo mgeni hayahitaji. Kaa mwaka mzima bila nyongeza hata moja. Kompyuta ya mkononi ya kawaida inauendesha, ingawa miaka ya mwisho ya vita, majeshi yakiwa mengi, saa inakuwa nzito.

Baada ya somo la Italia, anza upya tarehe 1 Januari 1936 na ushike Afrika Kusini. Najua wengi watakushauri Ujerumani kwa kuwa ina nguvu. Lakini Ujerumani inakupa makumi ya divisheni, majirani kumi, jeshi la anga, manowari na siasa za Ulaya nzima kwa mpigo, tena chini ya bendera ambayo mimi sina hamu ya kuibeba. Afrika Kusini iko mbali na moto. Ni dominioni ndogo chini ya Uingereza, yaani nchi yenye serikali yake ndani ya dola la Uingereza, hakuna anayeivamia, ina chuma chake yenyewe, na vita vikianza utaitwa kama msaidizi. Uingereza itabeba dunia, wewe utabeba kona moja. Weka kiwango chepesi kabisa cha ugumu, na iache ikiwa imewashwa ile alama inayofanya nchi nyingine zifuate mkondo wa kihistoria, ili ujue takriban nani atampiga nani na lini. Jua pia unashika nchi ya namna gani: Afrika Kusini ya wakati ule iliwapeleka Waafrika vitani kama vibarua na madereva, ikawanyima bunduki. Nimeichagua kwa sababu ya mahali ilipo kwenye ramani na udogo wa kazi yake.

Una zaidi ya miaka mitatu ya amani. Itumie kujifunza uchumi, na uchumi wenyewe kwa mgeni ni viwanda vya aina mbili. Vya kiraia vinajenga vitu vingine, vikiwemo viwanda. Vya kijeshi vinatengeneza silaha. Miaka miwili ya mwanzo jenga vya kiraia, kuanzia 1938 geukia vya kijeshi. Kwenye utafiti tanguliza viwanda na elektroniki. Nguvu za kisiasa zinajikusanya siku hadi siku, na sheria nyingi zinagharimu 150 kuzibadili, basi usizitapanye kwa mambo madogo. Kila siku sabini hivi utachagua mwelekeo mpya wa taifa. Chagua wa viwanda na usonge mbele, hutaharibu kitu.

Kwenye kiwanda cha silaha kuna mtego mmoja unaostahili kuangaliwa. Mstari wa uzalishaji unaanza na ufanisi mdogo, halafu mafundi wanavyozoea ufanisi unapanda mwezi baada ya mwezi. Ukibadilisha kinachotengenezwa, sehemu kubwa ya ujuzi ule inapotea. Mgeni anaona bunduki zimepungua, anahamisha viwanda vya mizinga. Wiki ijayo anaona mizinga imepungua, anarudisha. Mwaka unakwisha hana bunduki wala mizinga. Vipe viwanda vingi kazi ya bunduki za askari wa miguu tangu mwanzo, vichache vipe mizinga na vifaa vya msaada, kisha viache. Na usiite divisheni mpya kabla ya kuangalia ghala. Tarakimu nyekundu pale maana yake umeandikisha vijana ambao huna cha kuwapa.

Divisheni sita hadi nane zinakutosha. Muundo wake uwe batalioni tisa za askari wa miguu, kampuni ya wahandisi na kampuni ya mizinga ya msaada. Wapo watu wanaojadili miundo ya divisheni usiku kucha, na siku moja huenda utakuwa mmoja wao, lakini muundo huu utakuvusha.

Septemba 1939 vita vinaanza Ulaya. Wewe tulia, zihamishie divisheni zako Kenya, ziandae. Kwa kawaida ikifika 1940 Italia nayo inaingia upande wa Ujerumani, na hapo mbele yako kunakuwa na Somalia na Ethiopia iliyokaliwa. Fungua ramani ya ugavi kabla ya kugusa chochote. Utaona reli kutoka Mombasa inapanda Nairobi na kuendelea magharibi, lakini kaskazini ni ukame usio na reli. Ukienda moja kwa moja kaskazini kupitia jangwa, yatakukuta yaleyale ya Massawa. Angalia pwani badala yake. Kismayu ni bandari. Mogadishu ni bandari. Ukizikamata, ugavi wako utafika kwa meli.

Njia hiyo haikubuniwa na watengenezaji wa mchezo. Mwanzoni mwa 1941 Jenerali Cunningham wa Uingereza alitoka Kenya na keya, yaani askari wa Uingereza kutoka Afrika Mashariki, askari kutoka Nigeria na Gold Coast, na Waafrika Kusini. Wakaingia Kismayu tarehe 14 Februari, wakavuka mto Juba, wakaingia Mogadishu tarehe 25 Februari, na humo wakakuta akiba kubwa ya petroli iliyoachwa na Waitalia. Petroli ile ndiyo iliyowapeleka bara. Tarehe 6 Aprili walikuwa Addis Ababa, na tarehe 5 Mei, miaka mitano kamili tangu mji uanguke, Haile Selassie akarudi. Wazee wetu waliopigana humo walirudi na majina ya Kismayu na Juba midomoni. Ukiwa unauvusha mto uleule kwa kipanya, usione aibu kusimamisha saa kidogo kwa ajili yao.

Sasa shambulio lenyewe. Mpe jenerali divisheni zako, chora mstari wa mbele, chora mshale kwenda unakotaka. Usiachie hapo hapo. Askari wakikaa mstarini wakijiandaa, faida ya maandalizi inapanda kila siku, na ukiwatoa mapema unaitupa. Subiri mpaka ijae, hakikisha pumzi za wote zimejaa, ndipo uamuru.

Vikosi vikigusana, kati yao inatokea duara dogo lenye tarakimu. Likiwa la kijani unaelekea kushinda, likiwa jekundu unaelekea kushindwa. Libofye. Vita vya siku ya kwanza vitazame vyote hapo, saa ikienda kwa mwendo wa chini kabisa. Nakumbuka langu la kwanza kando ya Juba: upande wangu divisheni tatu, upande wa pili moja, na duara jekundu. Tatu kwa moja, na bado nashindwa! Nikaweka kishale. Maji. Nilikuwa navuka mto, na adhabu ya kuvuka mto ilikuwa imeandikwa pale na kiasi chake. Chini yake ilikuwa adhabu ya ugavi mdogo. Nikasitisha, nikarudisha divisheni mbili, nikazipeleka mahali pengine pa kuvukia ambapo hapakuwa na mtu. Zikavuka bila risasi, zikamzunguka yule adui kwa nyuma, zikamkatia njia ya kurudi bandarini.

Hilo ni jambo la mwisho ninalotaka ulijue kabla hujavamia miji: kuzingira. Kikosi kilichoishiwa pumzi kinarudi nyuma, kinapumzika, kinarudi kupigana nawe mwezi ujao. Kikiwa kimezingirwa hakina pa kurudi, na ugavi hakipati. Pumzi yake ikiisha kinatoweka kabisa, na mwili wake wote unapotea kwenye hesabu ya adui. Ndiyo maana mchezaji mzoefu hafurahii sana kilomita alizosonga. Anatafuta sehemu mbili nyembamba kwenye mstari wa adui, anapenya pembeni na kukutana nyuma. Anza na mfuko mdogo wa kikosi kimoja kama ule wangu wa Juba. Utakapoona kile kibao kimefifia na kutoweka, huku divisheni zako zote tatu zimesimama palepale zikiwa na pumzi nusu, utajua kwa nini watu hawalali.

Anga na bahari, ziache. Nasema kwa moyo mweupe. Ziweke ndege zako chache kwenye eneo la vita, zipe kazi ya kulilinda jeshi, usizitazame tena. Meli za vita waachie Waingereza. Meli za mizigo tu ndizo uhakikishe unazo, kwa ajili ya ule ugavi wa bandarini. Fani ya bahari ni ngumu hata kwa waliocheza miaka, na itakuwa palepale utakapoitaka.

Hifadhi mchezo wako mara kwa mara, kwa majina tofauti. Hatujui umeme utakatika saa ngapi. Niliwahi kuipoteza jioni nzima ya mapigano mgao ulipotushukia saa nne usiku bila taarifa, na tangu hapo nahifadhi kabla ya kila shambulio. Hifadhi hizo zina faida nyingine. Ukishindwa, rudi kwenye ya wiki iliyotangulia, badilisha jambo moja tu, uangalie kama matokeo yatabadilika. Ukibadilisha mambo matano utashinda bila kujua kilichokushindia.

Ikiwezekana mpate mwenzio. Si lazima acheze nawe kwa mtandao. Aketi tu kitini nyuma yako, akuulize kwa nini umesimamisha, kwa nini hiki kimekuwa chekundu. Utalazimika kumjibu, na mara nyingi utagundua hujui, na mtaenda kusoma kijisanduku pamoja. Mdogo wangu alianza kwa kukaa hivyo. Leo ananikosoa mistari yangu ya reli.

Ukishaifikisha Afrika Kusini Addis Ababa, hata ikikuchukua miezi mitatu, utakuwa tayari kwa jambo ambalo mimi ndilo lililonibakiza kwenye mchezo huu. Anza tena Januari 1936 na ushike Ethiopia yenyewe. Vita vimeshaanza, huna viwanda vya maana, bunduki ni chache, adui ana ndege na vifaru. Nyongeza iitwayo By Blood Alone, ya Septemba 2022, imeipa Ethiopia njia zake za kisiasa, na hiyo ndiyo ya kwanza ningekuambia uinunue, lakini hata bila hiyo inachezeka.

Usishambulie hata siku moja katika miezi ya mwanzo. Panga vikosi vyako milimani, ambako mshambuliaji anapata adhabu kubwa, na bondeni uwaachie. Kila kinachokaribia kuishiwa pumzi kirudishe nyuma mwenyewe kabla hakijavunjika, weka kingine mahali pake. Kumbuka Massawa: kadiri wanavyoingia ndani na wakiwa wengi ndivyo wanavyokonda, na sasa ule mdomo mwembamba wa bandari unafanya kazi kwa ajili yako. Kusini, upande wa Ogaden, weka wachache tu wa kuchelewesha. Subiri mpaka uone mistari yao ya kijani mifupi kaskazini, kisha utafute kikosi kimoja kilichotangulia kuliko wenzake, chenye njia moja tu ya kurudi.

Mara ya kwanza Addis Ababa yangu ilianguka Machi. Nikarudia, ikaanguka mwishoni mwa Aprili. Mara ya sita nilisimamisha saa usiku wa tarehe 5 Mei 1936, nikasogeza ramani mpaka mji ukajaa kioo, bendera ni ileile. Magharibi ya hapo nilikuwa na divisheni mbili zenye pumzi kamili ambazo sikuwa nimezitumia. Nikahifadhi kwa jina jipya, nikaachia saa.